Binti Yangu Bado Anamsubiri Mama Yake

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari hapa Morogoro, nina umri wa miaka 44. Miezi kumi na moja iliyopita mke wangu alifariki kwa kiharusi. Alikuwa na presha, na dawa alikuwa akizitumia vizuri, ila wiki ile zilikuwa zimemwishia na tulikuwa tunasubiri mshahara. Jumatano alianza kulalamika kichwa. Nilimpa Panadol, nikamwambia apumzike, Jumamosi tutakwenda hospitali kwa kuwa sitakuwa na vipindi. Alfajiri ya Ijumaa alianguka jikoni akiwasha mkaa, na hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Msiba niliusimamia mwenyewe, kuanzia jeneza na gari mpaka maturubai na hesabu ya rambirambi. Tulimzika kwao Matombo. Kazini nilipewa siku nne za ruhusa kama sheria inavyosema, na Ijumaa iliyofuata nilikuwa mbele ya kidato cha pili nikifundisha logarithimu. Kila aliyenishika mkono aliniambia, "Jikaze, Mwalimu, wewe ndiye nguzo ya watoto hawa." Nimejikaza. Mpaka leo sijalia, hata siku ile mchanga ulipoanza kugonga jeneza.

Tumejaliwa watoto wawili. Kijana wetu ana miaka 14 na kwa kweli hanipi shida. Amekuwa mkimya, anasoma, anafua nguo za mdogo wake bila kuambiwa. Shida iko kwa binti, mwenye miaka saba. Siku ya kuaga mwili alipelekwa kwa jirani, na shangazi yake akamwambia kwamba mama amesafiri. Tulikubaliana kwamba ataelezwa akikua, na tangu hapo hakuna aliyelirudia jambo hilo. Kila jioni huzichukua kandambili za mama yake pale mlangoni, akazigeuza zitazame ndani, ili mama akifika azivae bila kuhangaika. Nilipoitwa kwenda Dodoma kusahihisha mitihani aling'ang'ania begi langu, akalia mpaka akatapika, ikabidi nisiende. Sijui kama ni kudeka au ana ugonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Simu ya marehemu ninayo, naichaji, na kila mwezi naiwekea vocha ili laini isifungwe. Ndani ya simu yangu kuna ujumbe wake wa sauti wa sekunde kumi na nne, anasema, "Baba Tumaini, ukirudi pitia sokoni uchukue nyanya na vitunguu, na usichelewe." Huwa nausikiliza nyuma ya maabara ya shule wakati wa mapumziko. Usiku nalala kwa muda wa saa tatu tu, pengine nne, kisha naamka saa ile ile ya alfajiri aliyoanguka.

Mama mkwe anataka kumchukua binti akamlee Matombo. Dada zangu wanataka nguo za marehemu zigawiwe, wanasema kuziweka ndani ni mkosi, na mmoja wao ameshaanza kunitajia wanawake wa kuoa. Nimesoma kwenye simu kwamba mfiwa hupita hatua tano mpaka afike kwenye kukubali, nami naona sijatoka hata ya kwanza. Je, nimeharibikiwa? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mfiwa, Morogoro

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Najua neno hilo umelisikia mpaka likakuchosha, lakini miezi kumi na moja baada ya msiba ndipo watu wengi wanapokuwa wameacha kulisema, kwa hiyo mimi nalirudia.

Nitaanza na binti yako, kwa sababu jambo lake haliwezi kungoja mpaka wewe upate nafuu. Naomba uisome tena barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba aliambiwa mama amesafiri, kisha mistari michache baadaye ukaandika kwamba wewe ulipotaka kusafiri alilia mpaka akatapika, nawe unaniuliza kama anadeka. Hadeki, mwanangu. Kwa mtoto huyu, kusafiri ni kuondoka bila kuaga na kutorudi tena, na alipoliona begi lako mlangoni alijua anapoteza mzazi wa pili. Shangazi yake hakuwa na nia mbaya, wala wewe hukuwa na nia mbaya uliponyamaza, lakini neno mliloliona la huruma limemfanya aishi mwaka mzima akingoja, na mtu anayengoja hawezi kuomboleza.

Mwambie ukweli, na mwambie wewe, si shangazi wala mwalimu wake. Chagua siku ambayo huna haraka, labda Jumamosi asubuhi, mkae chini pamoja na kaka yake. Utumie neno "amekufa". Najua litakukwama kooni, kwa maana Kiswahili chetu kina adabu nyingi mbele ya kifo: tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala. Kwa watu wazima maneno hayo ni heshima na sote tunajua maana yake. Mtoto wa miaka saba hana ufunguo huo. Akiambiwa mama amelala ataogopa kulala, na akiambiwa Mungu alimpenda zaidi akamchukua, ataanza kumwogopa Mungu na pengine kuogopa kupendwa. Kufa anakujua, kwa kuwa ameshaona kuku na kifaranga. Umri huo ndio ambao watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, na ndiyo maana ni vizuri akaupata ukweli huo kwa mtu anayempenda.

Kama ningekuwa mahali pako ningesema hivi: "Tulikuambia mama amesafiri. Haikuwa kweli, na naomba unisamehe. Mama aliugua ghafla kichwani, mwili wake ukaacha kufanya kazi, akafa. Alipenda kubaki nasi lakini hakuweza. Hakufa kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya wewe. Mimi nipo, na kaka yako yupo." Hiyo sentensi kuhusu kosa lake usiiruke, hata kama hajauliza, maana watoto wengi hujihukumu kimyakimya kwa utukutu wa siku ile. Kisha nyamaza, umwache aulize. Anaweza kulia sana, na anaweza kulia dakika mbili akaomba kwenda kucheza rede. Usishtuke wala usimwone hana uchungu. Watoto huingia kwenye huzuni na kutoka, kisha hurudi na swali lile lile wiki ijayo, na kila mara jibu liwe lile lile. Ukipata safari nyingine, mwambie unakwenda wapi, utarudi siku gani, nani atalala naye, na umpigie simu saa mliyokubaliana bila kukosa.

Kuhusu kijana wako umeandika maneno machache, tena ya kumsifu, na hayo ndiyo yaliyonitia wasiwasi zaidi. Mtoto wa miaka 14 ambaye hana shida yoyote mwaka mmoja baada ya kufiwa na mama yake, anayefua na kusoma na kunyamaza, huenda amemtazama baba yake na kujifunza kwamba hivyo ndivyo mwanamume anavyofiwa. Siku hiyo ya Jumamosi mwambie mbele ya mdogo wake kwamba unamkumbuka mama yao na kwamba unaumia. Huhitaji hotuba. Anachohitaji ni kusikia kwamba katika nyumba ile inaruhusiwa kulitaja jina la mama.

Sasa nije kwako, na nianze pale panapouma, ingawa wewe umepapitia haraka kana kwamba ni taarifa tu: Jumatano, Panadol, Jumamosi. Nadhani hicho ndicho kinachokuamsha alfajiri. Sitakuambia kwamba kwenda hospitali Jumatano kusingebadilisha kitu, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kujua hilo, na wewe ni mtu wa hisabati, usingekubali hesabu isiyo na uthibitisho. Nakuomba tu uwe mwadilifu kwa yule mwanamume wa Jumatano. Alijua nini? Alijua kwamba mkewe ana kichwa, jambo ambalo nyumba nyingi hukutana nalo kila wiki. Alimpa dawa, akamwambia apumzike, akapanga siku ya kumpeleka. Unamhukumu kwa habari ambayo aliipata Ijumaa. Huko si kupuuza, na hata ile sehemu ya dawa zilizoisha mkisubiri mshahara ni mzigo wa familia nyingi za wafanyakazi, haukuanzia kwako. Laiti ungalijua, ungalikwenda usiku ule ule; na huku kujilaumu kwako kunaonyesha wazi kwamba ungalikwenda.

Jambo hili ulitamke kwa sauti mbele ya mtu mmoja. Mchungaji au padri wako anafaa kama ni msikivu, au rafiki wa siku nyingi, mradi asiwe mtu wa kukukatiza na "kazi ya Mungu haina makosa" kabla hujamaliza. Maneno hayo yana mahali pake, lakini mara nyingi husemwa ili msemaji apate nafuu, mfiwa akabaki na lake moyoni. Katika kitabu cha Ayubu, rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na huo ndio wakati waliomfaa; walipoanza kufafanua ndipo walipomtesa. Waliotuachia mila ya kukaa matanga kwenye mkeka walilijua hilo vizuri.

Hapo kwenye matanga nina neno, na naomba wasomaji wengine nao wanisikilize. Mke akifiwa, jamii zetu humpa muda unaoonekana. Majirani zetu Waislamu wana eda ya miezi minne na siku kumi, iliyotajwa katika Sura ya pili ya Kurani, aya ya 234, na hata katika jamii nyingine mjane hutambulika kwa mavazi, kwa kukaa, kwa watu kumjia. Sisemi kwamba kila desturi ya ujane ni njema, kwa maana nyingine zimewanyanyasa wanawake vibaya. Lakini mwanamume aliyefiwa na mke hupewa nini? Hata neno lenyewe, mgane, vijana wengi hawalijui. Hupewa daftari la rambirambi, hupewa siku nne za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huambiwa ajikaze, na kabla udongo haujakaa sawa kaburini huanza kutajiwa wachumba. Hukushindwa kulia, mwanangu. Hukupewa mahali pa kulilia. Wewe uliye Mkristo unakumbuka kwamba kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro, Yesu alilia machozi, na mbele ya watu.

Zile hatua tano ulizosoma ziweke kando. Zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili vifo vyao wenyewe, siyo na wafiwa. Zikaja kuenea kama ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande, na watu wengi wamejiona wameharibikiwa kwa kutoikuta ngazi hiyo. Mimi naona ukweli zaidi katika maelezo ya wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anauelekea msiba wenyewe, anamkumbuka marehemu, analia, kesho anaelekea maisha yanayotakiwa kuendelea, ada, chakula, vipindi, na kwamba pande zote mbili zinahitajika. Wewe umekaa upande mmoja tu tangu siku ile ya logarithimu, isipokuwa zile sekunde kumi na nne nyuma ya maabara.

Kwa hiyo usiione simu ile kama wazimu. Ndiyo mlango pekee ulioacha wazi. Mume wangu alipofariki, koti lake la mvua lilibaki kwenye msumari wa mlango wa nyuma masika mawili, na kila nilipopita nililigusa mkono, nikijua vizuri kwamba halina mtu ndani. Siku moja mvua ilimnasa kijana wa jirani nyumbani kwangu, nikalitoa nikampa, na sikulipanga hilo. Endelea na vocha yako kama unaimudu. Ila leo hii mpe mtu anayejua simu aunakili ule ujumbe mahali pengine pawili, kwa sababu simu huanguka na huibiwa, na kuipoteza sauti ile kwa ajali kungekuwa msiba juu ya msiba. Halafu, ukishamweleza binti ukweli na siku fulani akasema amemkumbuka mama, msikilize ujumbe huo pamoja, watatu ninyi. Kama machozi yakija hapo, yaache yaje.

Nguo nazo hazina mkosi wowote, na pia hazina haraka. Mwambie dada yako kwa adabu kwamba zitagawiwa, na siku utaipanga wewe. Siku hiyo ikifika mwite mama mkwe na wadogo wa marehemu, mfungue sanduku pamoja, watoto wachague kwanza wanachotaka kubaki nacho, hata kama ni kanga iliyochakaa. Kuhusu wachumba, jibu ni "bado", na hudaiwi maelezo. Sipingi kuoa tena. Napinga kumleta mwanamke ndani ya nyumba ambamo binti bado anageuza kandambili mlangoni.

Mama mkwe usimwone mnyang'anyi. Watu wa Matombo ni Waluguru, nao hufuata ukoo wa mama, na kwake mjukuu huyu ni wa nyumbani kwake hasa. Tena yeye naye amemzika mwanawe, jambo ambalo hata umri haumwandai mtu kulibeba. Hata hivyo mtoto aliyepoteza mama asipoteze baba, kaka, shule na kitanda chake kwa mkupuo mmoja. Mwende kumwona, umwambie hivyo uso kwa uso, na mkubaliane likizo ambazo watoto watakuwa wakienda Matombo. Nahisi atakubali zaidi ya unavyodhani akiona hujamkatia uzi.

Lakini kuhusu usingizi sitakubembeleza. Saa tatu za usingizi kwa usiku, miezi kumi na moja mfululizo, ni jambo la kupeleka hospitali. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba waliofiwa na wenzi wao, hasa wanaume, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua na kufa katika miezi ya mwanzo. Nenda ukapime presha wiki hii hii, na sema waziwazi kwamba umefiwa na hulali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, linaitambua huzuni ya msiba inayomshika mtu kwa zaidi ya miezi sita na kumzuia kuishi kuwa ni tatizo la kiafya, nalo hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu. Sisemi kwamba unayo. Anayeweza kusema ni atakayekuona. Hospitali za rufaa za mikoa zina watumishi wa afya ya akili, na kuwaona si kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kama watu wanavyotania mitaani, ingawa hata waliotibiwa Mirembe hawana cha kuonea haya. Na kama siku yoyote utajikuta unawaza kumfuata marehemu, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu akupeleke usiku huo huo.

Mwezi ujao mwaka unatimia. Usiupitishe darasani. Omba ruhusa mapema, uwapeleke watoto Matombo, mkae na bibi yao, muombe ibada ndogo kaburini kama mnaweza. Binti hakuaga, kwa hiyo mpe kazi yake mwenyewe siku hiyo: apande ua, au amwandikie mama barua na kuisoma pale, au achote maji ya kumwagilia. Mweleze kabla hamjaondoka nyumbani atakachokiona, kwamba ni kilima cha udongo na msalaba, na kwamba mama hatatoka humo, ili asifike akapigwa na butwaa.

Na zile kandambili usiziondoe wewe, wala usimruhusu shangazi aziondoe akija kufanya usafi. Binti akishaujua ukweli, zikikaa wiki moja au mwezi zikitazama ndani, ziache. Kisha mwulize yeye anataka zikae wapi.